Usiache Mbachao: Injini ya Rota na Datsun ya Babu

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Sijaona mahali ambapo msemo huu unatimia kama katika gereji za vijana wapendao magari ya mbio. Mtu ana gari la zaidi ya miaka hamsini, zima, lenye injini yake ya tangu kiwandani. Badala ya kulitengeneza lilivyo, anaota kuing'oa ile injini na kupachika nyingine ambayo kiwanda hakikuwahi kuifikiria. Na injini inayootwa zaidi ni ile ya rota ya Mazda.

Katika makala haya sitauzunguka mbuyu. Kauli yangu ni hii: gari la zamani ambalo bado ni kamili lisinyang'anywe injini yake ili litiwe rota, hata kama kazi yake itakuwa kukimbizwa uwanjani tu. Bodi tupu iliyookotwa bila injini ni habari nyingine, nayo nitaifikia.

Jambo hili si la kubuni. Marehemu babu alituachia Datsun 1600 ya mwaka 1971. Imo katika banda la mjomba, Nakuru, na injini yake aina ya L16 bado inawaka ukiipa betri nzuri. Binamu yangu, ambaye ni fundi na ambaye mimi humwita kaka kwa heshima, amepata injini ya Mazda aina ya 12A iliyotumika. Anataka kuing'oa L16, akate bodi panapohitaji kukatwa, kisha alipeleke gari uwanjani. Tayari kuna mnunuzi wa ile injini ya zamani, na pesa zake ndizo zitakazolipia kazi. Mjomba amesema kila mtu katika jamaa atoe hoja zake kabla ya likizo ya Desemba, halafu yeye atakata shauri. Mimi ni mdogo wao wote, lakini hata mdogo ana ulimi. Nimeona niziweke hoja zangu mbele yenu pia, kwa sababu najua wengi wenu mko upande wa kaka.

Kwanza nimpe mwenye haki haki yake. Injini ya rota ni maajabu. Katika injini ya kawaida, pistoni hupanda na kushuka. Kila ifikapo juu husimama, ikarudi chini, ikasimama tena, na mambo hayo hutendeka maelfu ya mara kwa dakika moja. Ndani ya injini ya rota hakuna kupanda wala kushuka. Kuna chuma chenye pembe tatu, fikiria sambusa iliyovimba kidogo ubavuni, kinachozunguka ndani ya chumba chenye umbo la namba nane iliyonenepa. Kila ubavu wa sambusa hiyo huvuta hewa na petroli, huibana, huichoma na kuutoa moshi, yote katika safari moja ya kuzunguka. Valvu hakuna. Kamshafti hakuna. Rota ikizunguka mara moja, shafti yake huwa imezunguka mara tatu. Ndiyo maana injini hii ni ndogo, ni nyepesi, na huzunguka kwa ulaini ambao pistoni haziuwezi. Hiyo 12A ya kaka ina rota mbili na ujazo wa sentimita 1,146 za ujazo tu. Ukiiona chini unaweza kudhani ni giaboksi iliyopotea njia.

Historia yake nayo inasisimua. Mjerumani Felix Wankel ndiye aliyeleta wazo, na injini ya kwanza ya majaribio iliwaka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Mwaka 1967 NSU walitoa gari la Ro 80, na wengi walilishangilia. Lakini jamani, sili zilizo kwenye ncha za rota zilikuwa zikiharibika mapema, wenye magari wakarudi kudai injini mpya, na kufikia mwaka 1969 NSU ilikuwa imemezwa na Volkswagen.

Mazda walikuwa wamenunua haki ya kuitengeneza tangu mwaka 1961. Wakamkabidhi mhandisi Kenichi Yamamoto kikosi cha wahandisi 47. Kikosi hicho kilikuta ndani ya chumba cha injini mikwaruzo iliyosababishwa na sili kutetemeka, wakaiita makucha ya shetani. Walihangaika nayo miaka kadhaa hadi walipolitoa gari la Cosmo Sport mwaka 1967. Mwaka uliofuata, Cosmo moja ilimaliza ya nne katika mashindano ya saa 84 huko Nürburgring, Ujerumani. Kisha mwaka 1991, gari la Mazda 787B lenye rota nne likashinda saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa kuzunguka mara 362. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni ya Japani kushinda huko. Nani hatapiga makofi?

Lakini hebu tazameni kwa makini ni kitu gani kilichoshinda. Haikuwa injini ya rota iliyotiwa ndani ya gari la mwingine. Mazda walilijenga gari kuizunguka injini. Hata RX-7 ya barabarani, iliyotoka mwaka 1978, iliundwa ili injini hiyo fupi ikae nyuma ya ekseli ya mbele na uzito ugawanyike vizuri. Rejeta, mabomba ya oili, ekzosi, giaboksi, vyote vilipimwa kwa ajili yake. Rota ni kama mgeni mwenye masharti: anakuja na kitanda chake, sufuria zake na mpishi wake. Ukimkaribisha yeye peke yake atakusumbua usiku kucha.

Sasa tuyahesabu masharti hayo. Datsun 1600, ambayo Marekani huitwa 510, imekwisha kutiwa rota mara nyingi huko ng'ambo, kwa hivyo kazi yenyewe inajulikana. Injini ya Mazda haishikani na giaboksi ya Datsun, basi giaboksi ya Mazda nayo lazima ije. Giaboksi ikija, fimbo ya gia hailingani na tundu lake, basi sakafu inakatwa. Propela haitoshani, basi inakatwa, inachomelewa na kusawazishwa upya, la sivyo gari litatetemeka kama lenye homa. Vishikizo vya injini havipo, basi vinatengenezwa. Difu ndogo ya Datsun iliundwa kwa nguvu za L16. Ukiiongezea mzigo, utaanza kutafuta difu kubwa zaidi.

Halafu kuna joto. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Katika injini ya rota, moto huwaka upande mmoja wa chumba siku zote, na upande wa pili huwa unapata hewa baridi inayoingia. Kwa hivyo upande mmoja unachomeka na wa pili unapoa. Isitoshe, sehemu kubwa ya joto hubebwa na oili, kwa hivyo rejeta ya maji peke yake haitoshi. Lazima kuwe na rejeta ya pili ya oili. Ikipata joto kupita kiasi mara moja tu, vyuma vya injini hujipinda na maji hupenya yasipotakiwa. Injini ya pistoni ya zamani huweza kukusamehe. Rota haina msamaha.

Moshi wake nao hutoka ukiwa na moto mkali kuliko wa pistoni, kwa hivyo sailensa ya kawaida haidumu. Zaidi ya hayo, injini hii hunywa oili kwa makusudi: kuna pampu ndogo inayopeleka oili ndani ili sili za ncha zisisagike. Anayejisifu kwamba rota yake haipungukiwi na oili hajisifu, anatangaza msiba. Na petroli? Kiu yake inajulikana dunia nzima. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, Mazda walikaribia kuanguka kwa sababu ya kiu hiyo.

Kaka atanijibu, "Wewe mtoto wa Kiswahili, mambo ya uwanjani ni nguvu, si kiu." Haya, tuzungumzie nguvu. L16 ilipouzwa Marekani ilitangazwa kuwa na nguvu-farasi 96. RX-7 ya mwaka 1979 yenye 12A ilitangazwa kuwa na 100. Sitaki kumdanganya mtu: namba ya Datsun ilipimwa kwa njia ya zamani iliyokuwa ikitia chumvi, kwa hivyo tofauti ya kweli ni kubwa kuliko nne. Hata hivyo si mbingu na ardhi. Kukata sakafu, kubadilisha propela, difu, rejeta, giaboksi na ekzosi, halafu faida iwe kiasi hicho!

Wanaojua watasema kwamba hakuna anayeitia 12A vivi hivi; hupanuliwa matundu ya kuingizia hewa na moshi, ndipo nguvu inapopanda. Kweli kabisa. Lakini ukiipanua namna hiyo injini haitulii gari linaposimama, inanguruma kama simba mwenye jino bovu, kiu inazidi, na maisha yake yanafupika. Na hiyo ya kaka imekwisha kutumika. Hali ya sili zake haijulikani hadi ipimwe kompresheni kwa kipimo cha rota, kwa sababu kila rota ina nyuso tatu na lazima kila uso usomwe peke yake. Kabla ya kuuza kilicho hai, je, tumekwisha kujua kama kinachokuja ki hai?

Upo uwanja wa pili wa hoja yangu, nao ni jina la gari lenyewe. Sisi Wakenya tuna haki ya kulizungumzia gari hili kuliko watu wengi. Mwaka 1970, Datsun 1600 SSS ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller ilishinda Safari Rally. Mwaka 1971 wawili hao walishinda tena, safari hii kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 marehemu Shekhar Mehta akashinda kwa 240Z vilevile. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Injini ya 240Z na injini ya L16 ni ndugu wa damu. Upana wa silinda ni milimita 83 kwa zote mbili, na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7 kwa zote mbili. L16 ina silinda nne, ile ya 240Z ina sita. Ni kama Nissan walichukua injini ya babu wakaiongezea silinda mbili. Je, chuma cha ukoo huo ndicho kinachostahili kuuzwa ili kilipie gharama za mgeni?

Tena anayedhani kwamba L16 ni ya kupeleka watoto shule tu aiulize Marekani. Huko, timu ya Brock Racing Enterprises iliichukua Datsun 510, ikaitengeneza kwa ajili ya viwanja vya lami, na dereva wao John Morton akaisaidia kutwaa ubingwa wa Trans-Am wa magari madogo mwaka 1971 na tena mwaka 1972. Waliwashinda Alfa Romeo, watu waliokuwa wakilitazama gari la Kijapani kwa dharau. Hawakuhitaji injini ya kampuni nyingine. Walichofanya ni kuifahamu waliyokuwa nayo: wakaifungua, wakaipima, wakairekebisha kwa subira, wakaishughulikia springi na breki kama walivyoishughulikia injini.

Na kama kweli tunataka nguvu zaidi, ukoo huo huo unazo. Datsun 180B ilikuwa na L18, na 200B ilikuwa na L20B ya karibu lita mbili. L20B ni ndefu kidogo kwenda juu, lakini hukaa juu ya vishikizo vilevile na kushikana na giaboksi ileile. Hakuna kukata sakafu. Hakuna kuchomelea. Mwaka ujao ukijuta, unaitoa na kuirudisha ya babu kwa spana tu. Nauliza: kwa nini njia hii haitajwi kwenye gereji? Jibu langu ni kwamba haina sifa ya kupigia picha. Rota ina jina na ina mlio. L20B ina faida tu.

Najua hoja zitakazotolewa kunipinga, nami sitazikimbia.

Wa kwanza atasema, "Gari ni chuma, si kaburi. Babu hayupo, gari ni la walio hai." Nakubaliana naye kwa nusu. Sisemi gari lifungiwe bandani lipigwe vumbi. Likimbizwe! Tangu mwaka 2003, magari ya zamani yamekuwa yakishindana katika East African Safari Classic Rally, mawe na matope yakiyapiga, na bado ni magari ya zamani. Kulitumia gari si kulivunja heshima. Kulikata ndiko kunakolivunja.

Wa pili atasema kwamba vipuri vya L16 vinakuwa adimu. Basi itakuwaje kwa rota? RX-8, gari la mwisho la michezo la Mazda lenye rota, lilikoma kutengenezwa mwaka 2012. Injini hiyo ilirudi mwaka 2023 katika MX-30, lakini kwa kazi ya kuzalisha umeme tu, na ni ya rota moja isiyohusiana na 12A ya kaka. Ukiwa Nakuru na sili ya ncha imevunjika, fundi wa jirani hana ya akiba. Lakini pistoni, ringi na valvu ni lugha ambayo kila fundi wa jua kali anaizungumza.

Wa tatu, naye ndiye mwenye hoja nzito, atasema kwamba vijana hujifunza kwa kujaribu, na kwamba Yamamoto mwenyewe angekatazwa kujaribu dunia isingeiona 787B. Naam, huyu namvulia kofia. Sitaki kuwa mtu wa kuwazuia mafundi wasijaribu. Ndiyo sababu nilisema bodi tupu ni habari nyingine. Nchi hii ina bodi za Datsun zilizolala nyuma ya nyumba, hazina injini, hazina giaboksi, kuku wanatagia ndani. Mtu akiichukua moja ya hizo, akaitia rota, ameifufua maiti. Hakuna alichokipoteza, na sisi sote tumepata gari lililokuwa limekufa. Mimi nitakuwa wa kwanza kulisukuma lisipowaka. Kaka anaijua bodi moja ya namna hiyo isiyo mbali na kwetu, na bei yake ni ndogo kuliko gharama ya kutengeneza propela na difu. Ajaribu huko.

Kwa hiyo napendekeza kanuni tatu, ambazo yeyote kati yenu anayelitazama gari la zamani kwa uchu anaweza kuzitumia.

Kanuni ya kwanza: usifanye lisilorudishika. Kinachofungwa kwa bolti kinaweza kufunguliwa. Kinachokatwa kwa moto hakirudi.

Kanuni ya pili: injini ya asili isiuzwe kamwe. Ukiitoa, ipake oili, ifunge, iandike namba yake, iweke. Namba hiyo imeandikwa kwenye logibuku ya gari, na ni sehemu ya jina lake. Kumbuka pia kwamba mashindano ya kihistoria yanayofuata kanuni za FIA hulitaka gari liwe kama lilivyokuwa enzi zake. Ukilitia rota Datsun umelifungia mlango huo, na bila injini yake ya asili hutaufungua kwa urahisi.

Kanuni ya tatu: breki kabla ya nguvu. Datsun 1600 ina breki za diski mbele na za dramu nyuma, zilizotengenezwa kwa mwendo wa enzi hizo. Nimewasikia wengi wakijadili rota kutwa nzima. Sijamsikia hata mmoja akianza na breki. Fundi anayeongeza mwendo kabla ya kuongeza uwezo wa kusimama hatengenezi gari la mbio, anachonga jeneza.

Wenzangu, hili si suala la Datsun pekee. Tunaishi wakati ambapo kila kitu cha jana kinaonekana kuwa kizuizi cha kesho. Nyumba ya nyasi inabomolewa kabla ya mtu kuuliza ilijengwaje ikapitisha upepo. Neno la Kiswahili linaachwa kabla ya mtu kujua linabeba maana gani. Mimi sipingi mapya. Nasema tu kwamba kabla ya kukitupa cha kale, mtu akifahamu kwanza kama wale wa Trans-Am walivyoifahamu injini yao ndogo. Asiyejua L16 inaweza nini hana haki ya kusema haitoshi.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Anayenipinga aandike katika toleo lijalo. Mhariri ameahidi nafasi, nami nitamjibu.